Rubani kijana hana wa kumsemea: barua ya wazi kwa wanaotunza kumbukumbu za mashujaa

Kwa Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Kamanda wa Jeshi la Wanahewa, Baraza la Kitaifa la Mashujaa, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na Serikali ya Kaunti ya Nairobi

Waheshimiwa,

Kwenye Kenyatta Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, watu watatu wa shaba wamesimama tangu 1928 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini yao kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayomwahidi mpiganaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izungukeni sanamu ile pande zote. Hamtaona jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wapagazi wale walikuwa maelfu kwa maelfu, na waliokuwa na kalamu hawakuwaona kuwa watu wa kuandikwa. Rubani wa jeshi ni kinyume chao kabisa. Kabla hajaruhusiwa kurusha ndege peke yake huwa ameshaandikwa mara chungu nzima: faili ya kuajiriwa, vyeti vya daktari, ripoti ya mwalimu baada ya kila safari ya mafunzo, na kitabu chake cha safari ambamo kila saa ya angani imewekewa tarehe, aina ya ndege, nambari yake, kazi iliyofanywa na muda uliotumika. Hata siku ya ajali, fundi aliyeikagua ndege asubuhi ile ametia sahihi fomu. Kwa hiyo jina la rubani likipotea, halikupotea kwa kukosa karatasi.

Aprili 18, 2024 helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi na mwenyewe rubani wa ndege za kivita, alikufa pamoja na wanajeshi wengine 9. Taifa liliomboleza siku tatu. Jina la jenerali linajulikana nchi nzima, na ni haki yake. Sasa simamisheni watu kumi pale stendi ya Kencom muwaulize majina ya wale tisa. Asiyekuwepo na lake halipo, na kijana wa cheo cha chini hayupo mara mbili.

Tunaoandika ni mafundi wa ndege, wachongaji wa herufi kwenye mawe na wahifadhi wa nyaraka wa hapa Nairobi. Hatuombi sherehe nyingine. Siku ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) ipo Oktoba 14, Mashujaa ipo Oktoba 20, na Sheria ya Mashujaa ipo tangu 2014. Tunaomba kitu kidogo kuliko sherehe lakini kigumu zaidi: kila rubani kijana aliyekufa kazini apate jina lake kamili, tarehe yake kamili, na ukweli uliothibitishwa wa safari yake ya mwisho, mahali ambapo mwananchi anafika bila kuomba kibali getini. Ukuta ulio ndani ya kambi ni wa kambi. Mama wa rubani akitaka kuugusa Jumapili alasiri, hapaswi kuandika barua kwanza.

Tuanze na ukweli, maana ndipo kumbukumbu nyingi zinapoharibika kabla hata jiwe halijakatwa.

Karibu kila rubani kijana anayekufa karibu na makazi husemwa kwamba aliielekeza ndege mbali na nyumba. Mara nyingine ni kweli, na ni ushujaa usio na mfano. Mara nyingine ndege ilikuwa imeshakataa kutii, na kijana wa watu alikuwa akipigana nayo hadi mwisho. Fanyeni hesabu: ndege inayoshuka kwa kasi ya futi 6,000 kwa dakika humeza futi 100 kila sekunde. Ikiharibika ikiwa futi 500 juu ya ardhi, zimebaki sekunde tano. Sekunde mbili huisha kwa binadamu yeyote kutambua tu kwamba kuna kitu kimeharibika. Kiti cha zamani cha kumrusha rubani nje ya ndege kilihitaji ndege iwe na kimo na mwendo fulani ndipo mwavuli uwahi kufunguka. Vya kisasa hufanya kazi hata ndege ikiwa imesimama chini, lakini navyo hushindwa ndege ikiwa imelala ubavu au inazama kwa kasi. Helikopta karibu zote hazina kiti hicho. Injini ikizima, rubani hushusha papo hapo wenzo ulio mkononi mwake wa kushoto ili upepo unaotoka chini uendelee kuzungusha mapanga. Akichelewa sekunde moja au mbili mapanga hupoteza mwendo, na akiwa chini sana hakuna kimo cha kuurudisha.

Haya yote yanaweza kuandikwa kwa sentensi nne kwenye kibao, na mtoto wa shule akayaelewa. Kinachoandikwa badala yake ni "shujaa aliyejitoa mhanga kwa ajili ya taifa", maneno yanayoweza kubandikwa juu ya kaburi lolote. Msichonge kwenye jiwe kile ambacho uchunguzi haukukithibitisha, na msikifiche kile ulichokithibitisha. Rubani aliyekufa akijifunza kutua usiku hakufa kifo cha chini kuliko aliyekufa vitani. Nchi ndiyo iliyomtuma ajifunze.

Ajali ya ndege ya kiraia huchunguzwa na wataalamu wa wizara ya uchukuzi, na kanuni za kimataifa zinasema wazi kwamba kazi yao ni kutafuta sababu ili isijirudie. Kumtafuta wa kulaumiwa si kazi yao. Ajali ya ndege ya jeshi huchunguzwa na bodi ya jeshi lenyewe, na kanuni hizo haziihusu. Tunaelewa sababu: kuna silaha, kuna mawasiliano, kuna operesheni. Lakini Uingereza huchapisha ripoti za ajali za ndege za jeshi lake zikiwa na mistari iliyofunikwa kwa wino mweusi pale penye siri, na anga yake haijatekwa. Sisi tunaomba ukurasa mmoja kwa kila ajali: tarehe na saa, aina ya ndege, safari ilikuwa ya nini, hali ya hewa, hatua ya safari (kupaa, angani, kutua), kilichoharibika, na alichofanya rubani kama kinajulikana. Pasipojulikana paandikwe "haijulikani". Neno hilo halimvunjii marehemu heshima.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunaoujua hauko Afrika. Agosti 20, 1971, kwenye kambi ya Masroor mjini Karachi, rubani mwanafunzi Rashid Minhas, umri miaka 20, alikuwa akielekea kupaa kwenye ndege ya mafunzo aina ya T-33. Mwalimu wake, Matiur Rahman, Mbengali, aliingia kwenye kiti cha nyuma ili aielekeze ndege India ajiunge na vita vya ukombozi wa Bangladesh. Ndege ilianguka karibu na Thatta, kabla ya kufika mpakani, na wote wawili wakafa. Pakistan ilimpa Minhas nishani yake kuu kuliko zote, Nishan-e-Haider, naye ndiye mdogo kwa umri kati ya waliowahi kuipata. Bangladesh ilimpa Matiur nishani yake kuu, Bir Sreshtho. Mmoja ana kambi ya wanahewa yenye jina lake huko Kamra. Mwenzake ana yake huko Jessore. Mwaka 2006 mabaki ya Matiur yalifukuliwa Karachi na kuzikwa upya Dhaka.

Ndege moja, mashujaa wawili, mataifa mawili, wala hakuna aliyetoka hai kusimulia kilichotokea ndani. Kila upande umejaza dakika zile kwa namna yake. Lakini angalieni kile ambacho hakuna anayekibisha: majina, umri, tarehe, aina ya ndege, mahali ilipoanguka. Mambo hayo matano yaliandikwa sawasawa tangu mwanzo, na ndiyo maana zaidi ya nusu karne baadaye watu wanaweza hata kubishana juu ya mengine. Sisi tuna visa ambavyo hata hayo matano hayajawekwa mahali pa umma.

Sasa jina lenyewe. Mtu asiyefanya kazi hii hudhani ni jambo la dakika tano. Jina la mwanajeshi huwa na sura tatu au nne: lililo kwenye kitambulisho, lililo kwenye faili la jeshi (ambalo karani alilifupisha siku ya kuajiriwa), analoitwa nyumbani, na lile ambalo magazeti yaliandika wiki ya ajali. Mohamed huwa Mohammed, Ng'ang'a huwa Nganga, Wangũi hupoteza alama yake, na majina mawili ya ukoo hubadilishana nafasi. Kanuni tunayoipendekeza: linalochongwa ni lile ambalo familia inalitia sahihi, na tofauti iliyopo na faili la jeshi iandikwe ndani ya rekodi, isiandikwe kwenye jiwe. Karatasi ya kuhakiki ichapishwe kwa ukubwa ule ule wa herufi zitakazochongwa, ipelekwe kwa mjane na kwa wazazi, nakala mbili tofauti, hata kama hawasemezani. Hasa kama hawasemezani. Wapewe siku 30.

Mpangilio uwe kwa tarehe ya kufa, cheo kisihesabiwe. Meja akianza kupangwa juu ya luteni, ukuta unageuka kuwa gwaride, na walio chini ni wale wale waliokuwa chini walipokuwa hai. Jina la kikosi liwe lile la wakati wake. Jeshi letu la Wanahewa liliundwa Juni 1, 1964. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililofanywa na baadhi ya wanahewa, lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na jina la Kenya Air Force halikurudi hadi 1994. Rubani wa 1979 na rubani wa 1986 hawakuvaa beji moja. Kuwaandikia wote jina la leo ni kosa dogo la historia. Kumsahau wa 1979 kwa sababu ya yaliyofanywa na wengine mwaka 1982 ni kosa kubwa zaidi.

Kuhusu jiwe. Jiwe la Ndarugo tunalojengea nyumba hunywa maji kama sponji, na herufi ndogo humomonyoka kingo. Jiwe la sabuni la Kisii ni zuri kwa vinyago, lakini mtu akipita na ufunguo mkononi amelikwaruza. Marumaru huliwa na tindikali, na Nairobi tindikali haiji na mvua tu. Huja na kijana wa usafi aliyepewa chupa ya dawa ya choo aondoe madoa. Shaba inadumu kuliko zote, ila inauzwa kwa kilo. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu milingoti ya umeme ilikuwa ikikatwa. Kibao cha shaba kilicho kimo cha kifua kando ya barabara hakitapona mahali ambapo mlingoti wa stima haukupona.

Basi graniti nyeusi iliyong'arishwa, unene wa milimita 30. Herufi zichongwe kwa mchanga unaorushwa kwa hewa au kwa patasi yenye ncha ya kabidi (carbide), urefu wa milimita 25, ambazo mtu husoma vizuri akiwa mita tatu. Zisitiwe rangi. Graniti nyeusi ikichongwa, sehemu iliyochongwa hubaki kijivu na husomeka yenyewe. Rangi ya dhahabu hupendeza siku ya uzinduzi, kisha jua la mwinuko huu huibandua vipande vipande, na jina lenye herufi tatu za dhahabu na nne zisizo nayo linatia aibu kuliko jina lisilo na rangi.

Mabamba yashikwe kwa pini za chuma cha pua cha daraja la 316. Tumeona wakandarasi wakitumia nondo za kawaida kwa sababu "hazionekani". Hazionekani hadi zishike kutu: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hutanuka ndani ya tundu, na jiwe hupasuka kuanzia kwenye pini kwenda kwenye jina. Bamba lisigandishwe ukutani kwa saruji moja kwa moja, maana chumvi ya saruji hupenya na kuacha ukungu mweupe usiotoka. Achieni nafasi ya milimita 20 nyuma yake hewa ipite, na matundu ya maji chini.

Kila bamba liwe na majina 10 tu. Hapa ndipo fedha inapookolewa. Bamba moja kubwa lenye majina 80 likiwa na kosa moja, mna chaguo mbili: kulitupa lote au kuliacha kosa. Tunajua ni lipi huchaguliwa. Bamba la majina 10 likikosewa, linang'olewa hilo moja. Na acheni mabamba matupu mwishoni. Ni jambo zito kulisema kwa familia za walio hai, lakini ukuta uliojaa siku ya uzinduzi humlazimisha anayefuata aandikwe pembeni kwa mwandiko mwingine.

Kisha kuna ndege. Kila kamati ya ukumbusho inataka ndege ya kivita juu ya mlingoti, pua imeelekea mawinguni. Picha yake ni nzuri, hatukatai. Ila ndege iliyo juu ya mlingoti haikaguliki bila kreni, na isiyokaguliwa huoza kimya kimya kuanzia tumboni. Ushauri wetu ni iwe chini, juu ya viegemeo, chini ya paa. Kama hamna fedha ya paa, hamna fedha ya ndege.

Kabla ya brashi ya kwanza ya rangi, mafundi wa silaha wa jeshi waingie. Kiti cha kumrusha rubani kina baruti na roketi. Kifuniko cha kioo nacho kina baruti yake katika ndege nyingi. Mitungi ya kuzimia moto ya injini ina fataki ndogo ya kuifungulia. Vitu hivi havikomi kuwa hatari kwa sababu ndege imestaafu. Kitambaa chekundu cha pini ya usalama kilichofungwa kwenye kiti si ushahidi. Tunataka cheti chenye sahihi kinachosema kila kipande kilitolewa, kwa nambari yake. Baadaye hutolewa mafuta, mafuta ya haidroli, mtungi wa oksijeni, betri na shinikizo la naitrojeni kwenye miguu ya ndege. Ndege za miaka ya 1950 na 1960 zikaguliwe pia saa na mishale yao: rangi iliyong'aa gizani mara nyingi ilikuwa na radiamu, yenye mionzi ya hatari, na kioo chake kikipasuka vumbi lake si la kuvutwa na watoto walio kwenye ziara ya shule.

Mguu wa ndege uliotolewa hewa hushuka, ndege ikalala upande. Kwa hiyo kola ya chuma iliyopasuliwa nusu mbili hufungwa kwenye nguzo inayong'aa ya mguu kabla ya kutoa hewa. Matairi yasiachwe na kazi ya kubeba uzito. Mpira hupasuka kwa jua, na siku moja asubuhi mnakuta bawa moja limeshuka. Viegemeo viwekwe kwenye sehemu zile zile ambazo jeki ya hangani huwekwa, kamwe visiwekwe chini ya ngozi ya bati. Mizani nayo: ndege ya kivita ya F-5, ambayo nchi hii imeirusha tangu 1978, ina uzito wa takriban kilo 4,350 ikiwa tupu, injini zake mbili zikiwa nyuma na mizinga na rada zikiwa mbele. Mkitoa mizinga, rada na kiti mkaacha injini, inaweza kukalia mkia. Mkitoa injini mkaacha vya mbele, mguu wa pua unabeba usiostahili. Ipimwe kwenye magurudumu yote matatu kila baada ya kutoa kitu kizito.

Maji ndiyo adui. Ndege inayoruka hukauka yenyewe. Ndege ya ukumbusho haijitikisi. Matundu ya kutoa maji chini ya tumbo huzibwa na mafundi wa rangi wasiojua kazi yake, kisha masika yakaijaza kama pipa. Bolti ya chuma kwenye bati la alumini ikilowa huwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe ukionekana kuzunguka bolti, kazi imeshaanza. Wekeni vikingio vya nailoni kati yao. Midomo ya injini ifunikwe kwa wavu wa matundu ya milimita 12, isifungwe kwa bati, maana bati hufungia unyevu ndani. Wavu huo huzuia ndege wa manyoya. Nyuki hauwazuii, na nyuki wa Nairobi wanapenda ndege za kivita kuliko watoto wa shule wanavyozipenda, kwa hiyo ukaguzi wa kila mwezi uanze na kusikiliza.

Rangi ni praima ya epoksi mara mbili na poliurethani juu. Rangi ya mafuta ya geti la nyumbani hufifia na kubanduka, ikaondoka na praima. Kioo cha rubani kipakwe rangi nyeupe kwa ndani au kifunikwe, kwa sababu akriliki hupata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Ndege ioshwe kwa maji na sabuni laini kabla ya masika na baada ya vuli. Mashine ya maji ya kuoshea matatu isiikaribie. Husukuma maji kwenye viungo ambavyo mvua isingevifikia.

Na kibao chake kiseme kweli. Kama ndege si ile aliyofia, mwandike "ndege ya aina ile ile". Msichore ubavuni nambari ya ndege iliyoanguka. Watakaoitambua ni wale waliokuwa kikosini siku ile, na hao ndio msingependa kuwadanganya. Mabaki ya ndege yenyewe yasioneshwe bila idhini ya familia kwa maandishi.

Kwenye nyaraka tutasema machache, si kwa sababu ni jambo dogo, ila wahifadhi wa Makavazi wanalijua kuliko sisi. Kitabu cha safari cha rubani kisilaminishwe kamwe. Plastiki ile haitoki, na gundi yake hula wino. Gundi ya selo nayo ni hivyo hivyo. Kiskaniwe kurasa zote, pamoja na jalada na kurasa tupu, kwa nukta 400 kwa inchi. Picha kwa 600, mbele na nyuma, kwa sababu tarehe na majina ya waliosimama naye huandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi. Nakala tatu, moja nje ya jengo. Familia ikikataa kutoa kitabu, msikichukue kwa amri. Nendeni na skana nyumbani kwao, mwondoke mkiwa mmewaachia kitabu chao. Anwani na simu zao zibaki kwenye faili lililofungwa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Wenzake wa darasa la urubani wanazeeka. Kila mmoja anajua mambo ambayo faili haina: aliogopa nini, alitua vipi kwenye upepo wa ubavuni, alimwita nani "mzee" kwa mzaha. Warekodiwe kwa sauti, ndani ya chumba chenye mapazia na kapeti, friji ikiwa imezimwa. Saa moja na nusu inatosha kwa siku.

Kuhusu mahali, tunapendekeza Uhuru Gardens kwenye Lang'ata Road, pale bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Matatu zinafika, maegesho yapo, na ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Wilson zinasikika. Kaunti ikipenda kutaja barabara kwa jina la rubani, kibao kiwe na mstari wa pili mdogo: miaka ya kuzaliwa na kufa, na neno "rubani". Jina la ukoo peke yake juu ya mlingoti halimwambii dereva wa bodaboda chochote.

Tunaomba mambo matatu yafanyike kabla ya Mashujaa ijayo, na hayahitaji bajeti mpya. Wizara itangaze ofisa mmoja, kwa cheo na nambari ya simu ya ofisi, ambaye familia zitampelekea masahihisho ya majina. Orodha ya marubani na wahudumu wote wa ndege waliokufa kazini tangu Juni 1, 1964 ichapishwe kama rasimu, kwa siku 90, ili makosa yaonekane kwenye karatasi kabla hayajafika kwenye graniti. Na kila ajali iliyomo katika orodha hiyo ipewe ule ukurasa mmoja, hata kama nusu yake itasomeka "haijulikani". Siku ya uzinduzi wa ukuta, familia zikae upande wenye kivuli na ziwe na nakala ya programu mkononi siku tatu mapema, wazisome tahajia. Ndege nne zikipita na moja kuchomoka kwenda juu kama ishara ya aliyekufa, watu wale wawe wameambiwa kabla kwamba itachomoka, na kwa nini. Kuna mama aliyewahi kudhani anaona ajali nyingine.

Wenu,

Mafundi wa ndege, wachongaji wa mawe na wahifadhi wa nyaraka
Nairobi

Tanbihi kwa atakayeshughulikia orodha: ikifika wakati wa kuituma kwa mchongaji, itumwe kama faili la PDF lililotiwa sahihi kila ukurasa, lenye herufi kubwa na ndogo kama zinavyotakiwa jiweni. Isitumwe kama ujumbe wa WhatsApp. Simu hubadilisha alama ya ng' kuwa alama ya kunukuu iliyopinda upande usiofaa, au huiondoa kabisa, na mashine ya kukatia herufi hukata kile ilichopewa.